Umbo la Makali na Uhai wa Kisu cha Kukerezea Chuma

Msikilizaji, popote penye mashine ya kukereza chuma, iwe ni karakana ya reli, kiwanda cha sukari au banda la fundi anayefufua shafti za pampu, hakukosi ugomvi huu: kisu kimekufa mapema, nani alaumiwe? Mara nyingi lawama huangukia chuma chenyewe kwamba ni kigumu mno, au mashine kwamba imechakaa na inatikisika, au muuza duka kwamba tipu alizoleta, yaani vile vipande vidogo vya makali vinavyofungwa kwenye mshikio, ni bandia. Wakati mwingine lawama hizo ni za haki. Hoja yangu leo ni kwamba kabla ya kufika huko tuangalie kitu kidogo zaidi, nacho ni umbo la makali yenyewe: yameinama kuelekea wapi, kabari iliyo nyuma yake ina unene gani, ncha imeviringwa kiasi gani, na ule mstari wa mwisho unaogusa chuma umeachwa mkali kama wembe au umepunguzwa ukali kwa makusudi. Tena nitadai jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia kwa mara ya kwanza. Kwa vyuma vingi, makali yaliyonolewa kupita yote siyo yanayofanya kazi vizuri kupita yote.

Ili dai hilo lieleweke, tuanze na namna chuma kinavyokatika. Kisu cha kukerezea hakipenyi ndani ya chuma na kukipasua. Kinakisukuma chuma kilicho mbele yake mpaka tabaka jembamba lishindwe kuvumilia na kuteleza juu ya lenzake. La pili nalo likateleza, na la tatu, maelfu kwa maelfu katika sekunde moja. Mfululizo huo wa miteleko ndio utepe tunaouona ukipanda juu ya uso wa kisu na kujikunja, yale maranda ya chuma yanayojaa chini ya mashine. Väinö Piispanen wa Finland aliueleza mwenendo huu mwaka 1937, na miaka michache baadaye Hans Ernst na Eugene Merchant, waliokuwa kwenye kampuni ya mashine za viwandani huko Cincinnati, Marekani, wakauwekea hesabu. Hesabu hizo, zilizochapishwa kati ya mwaka 1941 na 1945, zinaonyesha kwamba mteremko wa uso wa juu wa kisu, ule ambao maranda hupandia, ndio unaoamua kwa sehemu kubwa matabaka hayo yatateleza kwa taabu kiasi gani. Mteremko ukiwa mkubwa, chuma hupanda kwa wepesi, nguvu hupungua, na joto hupungua pamoja nayo. Makadirio yanayotumika sana viwandani ni kwamba kila uzi mmoja wa pembe unaoongezwa kwenye mteremko huo hupunguza nguvu ya kukata kwa takriban asilimia 1.

Basi mtu atauliza, kwa nini tusiuongeze mteremko mpaka nyuzi 30 au 40, tukate chuma kwa raha? Jibu liko kwenye hesabu ya darasa la kawaida. Pembe tatu zinagawana nyuzi 90: mteremko wa juu, nafasi ya chini inayozuia ubavu wa kisu usisugue kazi, na katikati yao kabari ya kisu chenyewe. Kila uzi unaoupa mteremko umeuchukua kutoka kwenye kabari, kwa sababu nafasi ya chini tayari ni ndogo na haina cha kutoa. Na kabari ndiyo inayobeba mzigo wote, tena ndiyo njia ambayo joto hupitia likitoroka kutoka kwenye ncha. Mpasua magogo hanoi shoka lake kwa wembamba wa wembe, kwa kuwa anajua litapukutika kwenye fundo la kwanza. Mkereza chuma yuko kwenye mizani hiyohiyo, ila yake ina uzito mkubwa zaidi, maana ncha ya kisu chake hufanya kazi kwenye joto la mamia ya nyuzi za sentigredi huku ikikandamizwa na chuma ambacho wakati mwingine ugumu wake hauko mbali sana na ule wa kisu.

Ushahidi wa mwanzo ulio mzito katika jambo hili ulikusanywa na Frederick Winslow Taylor. Wengi wanamjua kwa saa aliyowapimia wafanyakazi, sifa ambayo haikumletea mapenzi viwandani, na kwa maoni yangu kazi yake ya kukata chuma inastahili kukumbukwa zaidi kuliko hiyo saa. Alianza majaribio mwaka 1880 katika kiwanda cha chuma cha Midvale huko Philadelphia, na matokeo akayasoma mbele ya chama cha wahandisi mitambo wa Marekani mwaka 1906, baada ya miaka 26. Katika muda huo yeye na wenzake walikata zaidi ya ratili 800,000 za chuma, yaani takriban tani 360, zote zikaishia kuwa maranda, na majaribio waliyoyaandika yalikuwa kati ya 30,000 na 50,000. Mojawapo ya mambo ya mwanzo kabisa waliyoyagundua, mwaka 1881, lilihusu umbo. Visu vilivyotumika zamani vilikuwa na ncha iliyochongoka kama almasi, na kila fundi alikuwa na imani yake kuhusu namna ya kuvinoa. Taylor aligundua kwamba kisu chenye ncha ya mviringo kiliweza kuendeshwa kwa kasi kubwa zaidi kuliko kile kilichochongoka, katika chuma kilekile na mashine ileile, na hivyo kutoa kazi nyingi zaidi kwa siku. Hakuna kilichobadilika kwenye madini ya kisu. Kilichobadilika ni kwamba mviringo ulisambaza mzigo juu ya urefu mkubwa zaidi wa makali, na utepe unaokatwa ukawa mwembamba upande ule wa ncha unaoacha uso wa mwisho wa kazi, kwa hiyo sehemu iliyo muhimu kuliko zote ikapumzishwa.

Katika taarifa hiyohiyo Taylor aliweka viwango vya unene wa kabari, na hapo ndipo dai langu la mwanzo linapopata mguu wa kusimamia. Kwa chuma laini na cha wastani alipendekeza kabari ya nyuzi 61. Kwa chuma cha kusubu na chuma kigumu akaipanua hadi nyuzi 68. Kwa chuma cha kusubu kilichopozwa ghafla, ambacho ngozi yake ni ngumu mno, alifika nyuzi 86 hadi 90, maana yake kisu hakina mteremko hata kidogo. Kadiri kazi inavyokuwa ngumu, kisu kinachodumu ndicho kilicho butu zaidi kwa umbo. Hayo yaliandikwa miaka 120 hivi iliyopita, na yalitokana na vipimo.

Kisha ikaja kabaidi, mchanganyiko mgumu wa kutengenezea visu. Mwaka 1927 kampuni ya Krupp ya Ujerumani iliionyesha kwenye maonyesho ya Leipzig kwa jina la Widia, na ikaonekana kwamba inaweza kustahimili kasi ambazo visu vya chuma vya Taylor vingeyeyushwa makali yake. Hata hivyo kabaidi ina tabia moja isiyosamehe: hustahimili sana kukandamizwa, lakini ikivutwa au kugongwa hukatika. Kisu cha kabaidi kilichopewa umbo jembamba la visu vya zamani hupoteza ncha vipandevipande. Dawa iliyopatikana ilikuwa kugeuza mteremko uinamie upande wa pili, ili nguvu ya chuma iikandamize ncha badala ya kuivuta. Nguvu inayotumika huongezeka, mota hulalamika, lakini ncha hudumu. Ndiyo sababu tipu nyingi zinazotumika leo kukereza chuma cha pua hukaa kwenye mshikio wake zikiwa zimeinamishwa namna hiyo.

Hadi hapa nimezungumzia pembe zinazoonekana kwa jicho. Sehemu ya jambo hili inayonivutia kuliko zote iko chini ya hapo, kwenye upana wa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu mikroni 100. Watengenezaji wa tipu za kabaidi, baada ya kuzinoa, huzisugua makali makusudi hadi mstari wa makali uwe mviringo wenye nusukipenyo ambacho kwa kazi nyingi za chuma cha pua huwa kati ya mikroni 20 na 70. Wanalipia gharama ya kunoa, kisha wanalipia tena gharama ya kuondoa ukali. Hawafanyi hivyo kwa ujinga. Makali yaliyotoka kwenye jiwe la kunolea, yakitazamwa kwa hadubini, yamejaa mapengo madogomadogo kama msumeno, na kila pengo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kuyaviringisha huondoa mapengo hayo. Kuna sababu nyingine pia: tipu nyingi hupakwa utando mgumu wa kuzilinda, wenye unene wa mikroni chache hadi ishirini hivi, na utando huo haushiki vizuri kwenye kona kali, hubanduka kazi ikianza tu, ukaacha kabaidi uchi mahali penye joto kuliko pote.

Lakini mviringo huo una mpaka wake, na hapa ndipo watu wanaolipokea fundisho la kwanza kwa shauku huharibu kazi. Mwaka 1960 Paul Albrecht alieleza kinachotokea chini ya makali yaliyoviringwa: sehemu ya chuma haipandi kuwa maranda, bali husukumwa chini na kupita chini ya kisu ikiwa imekandwa tu. Utepe unaotakiwa kukatwa ukiwa mwembamba kupita kiasi fulani, ambacho mara nyingi hukadiriwa kuwa robo hadi theluthi ya nusukipenyo cha makali, kisu hakikati tena, kinasugua. Chukua tipu yenye mviringo wa mikroni 60, kisha jaribu kupunguza shafti kwa mikroni 15 ili ifike kipimo. Itang'aa vizuri, fundi atafurahi, naye akiipima atakuta kipimo kimebaki karibu palepale, kwa sababu chuma kilibonyea na kurudi. Kwenye chuma kisichoshika kutu hali ni mbaya zaidi. Chuma hicho hugumuka kinapokandwa, kwa hiyo kila mzunguko wa kusugua huacha ngozi ngumu kuliko ya awali, na kisu kinachofuata kinakutana na kazi tofauti na ile iliyopangwa. Fundi hulaumu chuma, ilhali chuma kimegumushwa na kisu chake mwenyewe.

Kwa hiyo umbo sahihi hutegemea kinachokatwa na unene wa utepe. Alumini hutaka makali makali kweli, mteremko mkubwa na uso uliong'arishwa, la sivyo hunata kwenye ncha na kujijengea kilima kinachochubua kazi. Titani nayo hutaka makali yaliyo karibu na ukali kamili, kwani haipitishi joto vizuri na kila msuguano wa ziada unabaki kwenye ncha. Chuma cha kusubu chenye ngozi ya mchanga, au shafti yenye njia ya ufunguo inayogonga kisu kila mzunguko, hutaka ubapa mwembamba uliokatwa kwenye makali. Na chuma kilichokazwa kwa moto, kikikerezwa kwa tipu za boroni naitraidi, mara nyingi hupewa ubapa wa milimita 0.1 hadi 0.2 ulioinama nyuzi 20 au 25. Ukiutazama kwa karibu utadhani kisu kimekwisha kazi kabla hakijaanza.

Mviringo wa ncha, ule unaoonekana kwa macho, nao una hesabu yake nyepesi. Mabonde yanayoachwa kwenye uso wa kazi, kwa makadirio, yana kina sawa na mraba wa mlisho (umbali ambao kisu husogea kila mzunguko) ukigawanywa kwa mara nane ya nusukipenyo cha ncha. Kwa mlisho wa milimita 0.2 kila mzunguko na ncha ya milimita 0.4, mabonde yana kina cha mikroni 12.5. Badili tipu tu, weka ya milimita 0.8, nayo yanapungua hadi mikroni 6.25, bila kupoteza hata dakika moja. Kosa ni kudhani basi milimita 1.6 itakuwa bora mara mbili tena. Ncha kubwa husukuma kazi pembeni kwa nguvu zaidi, na shafti ndefu nyembamba hukimbia, mashine ikaanza kupiga mlio, na uso ukawa na mawimbi mabaya kuliko mabonde tuliyoyakimbia.

Mtu mwenye uzoefu atanikatiza hapa aseme kwamba nimekuza jambo dogo. Kasi ndiyo inayoua kisu, atasema, na Taylor huyohuyo ndiye aliyeacha kanuni inayothibitisha hivyo: kasi ikizidishwa kwa maisha ya kisu yaliyopandishwa kwenye kipeo fulani hutoa namba isiyobadilika. Ni kweli. Kwa tipu za kabaidi, ambazo kipeo cha kanuni hiyo huwa karibu na 0.25, kuongeza kasi kwa asilimia 20 hupunguza maisha ya kisu hadi chini kidogo ya nusu. Hakuna badiliko dogo la pembe linaloweza kushindana na hilo. Lakini kanuni hiyo ina namba nyingine isiyobadilika, nayo hupatikana kwa jaribio la kisu chenye umbo maalumu kikikata chuma maalumu. Ukibadili umbo, namba hiyo inabadilika, na kasi unayoweza kuimudu inabadilika nayo. Ugunduzi wa mwaka 1881 ulikuwa huo hasa: umbo liliruhusu kasi. Tena kanuni ya Taylor inahesabu kisu kinachochakaa polepole. Haisemi lolote kuhusu kisu kilichopasuka ncha katika dakika ya pili, na kifo cha namna hiyo aghalabu ni cha umbo.

Wengine watasema kwamba makali hujiviringa yenyewe baada ya dakika chache za kazi, kwa hiyo yanini kuyaviringisha kiwandani? Ni kweli kwamba kisu kipya huchakaa haraka mwanzoni, kisha hutulia, kisha huharakisha tena mwishoni. Ila kujiviringa kwenye kazi hakuna kipimo. Mahali pamoja patachakaa kwa upole na pengine patamegeka, na mmegeko hauponi, unakua. Anayeacha jambo hili lijiamulie lenyewe atapata tipu mbili za pakiti moja, moja ikidumu zamu nzima na nyingine ikifa kabla ya chai.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la fundi wa karakana ndogo, huko Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, asiye na hadubini wala mashine ya kuviringisha mikroni. Atasema mambo haya ni ya viwanda vya ndege. Namjibu kwamba sehemu kubwa ya habari hii tayari ameinunua, imeandikwa kwenye kisanduku. Tipu yenye jina CNMG 120408 inamwambia kwamba kona yake ni ya nyuzi 80, kwamba ubavu wake hauna mteremko wa nafasi na hivyo lazima iinamishwe kwenye mshikio, na kwamba nusukipenyo cha ncha ni milimita 0.8. Tarakimu hizo zikifuatiwa na herufi, F ni makali makali, E ni yaliyoviringwa, T ni yenye ubapa, na S ni yenye ubapa uliokwisha kuviringwa. Anayejua herufi hizo nne hatanunua T ya kukerezea alumini kwa sababu tu ilikuwa rahisi.

Na kuna biti ya kutobolea, ambayo kila karakana inayo na karibu kila karakana huinoa kwa jicho. Biti ya kawaida hunolewa kwa pembe ya nyuzi 118 kwenye ncha, makali yake mawili yakiwa sawa kwa urefu na kwa mwinamo. Moja likizidi, tundu hutoka kubwa kuliko biti, na upande mmoja hufanya kazi ya wawili mpaka uungue. Katikati ya makali hayo kuna daraja dogo ambalo halikati kabisa, linakanda chuma tu, nalo peke yake linaweza kula nusu ya nguvu ya kusukuma au zaidi. Kulipunguza kwenye jiwe, au kutangulia na tundu jembamba, hupunguza mzigo kwa kiasi ambacho mkono huhisi mara moja. Kwa shaba nyeupe fundi stadi hufanya kinyume cha kunoa: huchukua kinoo cha mafuta akaupiga ubapa mdogo uso wa mbele wa makali, ili biti isijivute ndani na kunyakua kazi. Ni misuguano michache ya kinoo, haina gharama, na ni kanuni ileile ya kiwanda kinachoviringisha mikroni 40.

Ndiyo maana siungi mkono mtindo wa baadhi ya mafunzo wa kumkabidhi mwanafunzi mshikio na tipu tangu wiki ya kwanza, kwa hoja kwamba hakuna tena anayenoa. Mwanafunzi aliyepewa kipande cha chuma cha kunolea, geji ya pembe na jiwe, akatengeneza kabari ya nyuzi 60 na nyingine ya nyuzi 75, kisha akazijaribu zote mbili kwenye chuma laini na kwenye chuma cha kusubu, atasikia tofauti kwenye mlio wa mashine na ataiona kwenye maranda yaliyo chini. Akija kuishika tipu baadaye atajua aangalie wapi, na ikivunjika ataichunguza ncha iliyovunjika kabla ya kuitupa kwenye pipa.